Sikio la Tusajigwe

Mwalimu wa akustika akiingia chumba asichokijua hupiga kofi moja kabla hata ya kusalimia. Ukitukuta hotelini au kanisani ukatuona tunapiga makofi kwenye kona, usidhani tumerukwa na akili. Kofi hukueleza chumba kilivyo: ukuta upi ni mgumu, dari liko juu kiasi gani, mwangwi unachukua muda gani kufa. Pale Chuo Kikuu cha Ngosi mimi ndiye niliyeifanya iwe desturi ya kufungulia kipindi. Napiga kofi, darasa linanyamaza, namchagua mmoja aniambie alichosikia. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita, na karibu majibu yote niliyopewa yalikuwa ya ovyo. Hilo halikunikera hata kidogo. Mwalimu anakula kwa sababu wanafunzi hawajui.

Asubuhi ya siku ya thelathini na moja ya vibandiko nilipiga kofi katika chumba cha M4, na wanafunzi ishirini na mmoja wakainamisha vichwa vyao upande wa kulia kwa wakati mmoja.

Nilikijua kile kiinamo. Shingo inakwenda kulia kidogo, kidevu kinapanda, macho yanasimama yasitazame kitu. Kilikuwa kiinamo cha Tusajigwe Kapalata, mwalimu mwenzangu, na sasa nilikuwa nacho darasani mara ishirini na moja.

"Asifiwe," nikamwita binti wa mstari wa mbele. Mwezi mmoja kabla, Asifiwe alikuwa hajui tofauti ya mwangwi na kelele za barabarani. "Umesikia nini?"

"Ukuta wa nyuma umevikwa kitambaa, Mwalimu, lakini ubao ulio nyuma yake umelegea, unatikisika. Na dirisha la tatu halijafungwa vizuri."

Yote sahihi. Ule ubao uliolegea mimi niliugundua nikiwa nimeshafundisha katika chumba hicho miaka mitatu. Asifiwe aliupata kati ya chai na kipindi cha kwanza, bila kutoa jasho, huku akikunakuna kibandiko chake. Kila mmoja wao alikuwa na viwili, vyembamba, ukubwa wa ukucha, kimoja nyuma ya kila sikio. Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya kwetu milimani, wote wamevaa masweta, na wote walikuwa wanaisikia mvua ile kwa sikio la Tusa.

Aliyebaki na masikio yake mwenyewe alikuwa mmoja tu, Bi Sekela Mwambipile, mama wa miaka arobaini na tisa aliyeacha kazi ya mitambo ya redio akaja kutafuta shahada. Ngozi yake ilivimba siku ya kwanza alipobandikwa, wakamwondolea. Alikaa peke yake karibu na ukuta wa kushoto.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Mimi bado nakisikia kile kinzi."

"Kinzi gani tena?"

"Kile kimlio nilichokuambia wiki ya kwanza. Kinalia huku kushoto, chembamba, hakikatiki. Kinanipa kichwa."

Wenzake wakamgeukia kwa huruma. Nikasikiliza. Hakukuwa na kitu.

"Bi Sekela, umekaa na mitambo miaka ishirini. Masikio ya watu wa mitambo huwa yanajiimbia yenyewe."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Yangu hayaimbi, Mwalimu. Nikitoka hapo nje, kinanyamaza."

Nikamwambia akae, tuendelee na somo. Katika chumba hicho nilikuwa na matatizo yangu ya kweli. Spika ya kushoto ilikuwa haina uhai kwenye sauti za juu, na nilishaibadilisha mara mbili mwaka ule. Fundi alidai zote mbili ni nzima, nami nikamwandikia barua ambayo hataisahau.

*

Naomba nieleweke mapema, ili nisije nikaonekana najikosha baadaye: nilikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo unaokufanya ufanye kazi kwa bidii. Nilikuwa namwonea Tusa gere mpaka chakula kinakosa ladha.

Tusa alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuja Ngosi akiwa na miaka kumi na tisa, hajui kushika maikrofoni, nami nikamfundisha miaka minne, kisha nikamsimamia shahada ya pili. Alipomaliza aliniaga akaenda kuchanganya sauti kwenye maharusi na matamasha ya kwaya. Miaka mitano mizima alisimama mbele ya maspika marefu kama milango. Nikamhesabia amepotea. Halafu akarudi, akapewa ofisi inayopakana na yangu, na wanafunzi wakaanza kupanga foleni mlangoni kwake huku mimi nikisikia vicheko vyao kupitia ukuta. Ukuta ule ulizuia desibeli thelathini tu. Niliupima.

Ndipo likaja suala la sikio-mama.

Kwa asiyejua: kibandiko hakimpi mtu sikio jipya. Nyama ya sikio inabaki ile ile. Kinachonakiliwa ni mazoea ya kusikiliza. Mtaalamu anavaa vibandiko wiki sita akifanya kazi zake, navyo vinasoma mishipa, vinaandika ni sauti ipi akili yake inaikimbilia, ipi inaiweka kando, ipi inaitupa kabisa. Kisha maandishi hayo yanaingizwa kwenye vibandiko vya mwanafunzi, na akili ya mwanafunzi inashikwa mkono na kuongozwa vivyo hivyo kwa siku arobaini. Vibandiko vikitolewa, mazoea yanabaki. Mwongozo ulisema ukisimamisha kabla ya siku ya thelathini na tano, mtu akipumzika wiki moja kila kitu kinafutika. Baada ya hapo watengenezaji hawaahidi chochote.

Kila chuo kilitakiwa kuchagua sikio moja la kunakiliwa. Tukarekodiwa wawili, mimi na Tusa. Majaji sita wakasikiliza kupitia masikio yote mawili bila kujua lipi ni la nani, moja likiitwa A, jingine B. Mimi nilikuwa A.

Sita kwa sifuri. Ingekuwa nne kwa mbili ningeweza kuishi na hali hiyo.

"Usilichukulie vibaya, Dokta," Profesa Kyando, mkuu wa idara, aliniambia siku ile, akijua fika kwamba nimelichukulia vibaya. "Siku mbili za kwanza majaji walishindwa kabisa kuwatofautisha. Masikio yenu yanafanana sana. La kwake limechangamka zaidi, basi."

Nikampongeza Tusa mbele ya watu. Nilimkumbatia hata. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Hili ni lako, Mwalimu," nami nikaona ananivika kilemba cha ukoka. Niliporudi ofisini nilifunga mlango nikalia kwa hasira, kisha nikaosha uso nikaenda kufundisha kipindi cha saa nane.

Kwa kuwa nilikuwa msimamizi wa maabara ya usikivu, kamati ikanipa kazi ya kuwapima wanafunzi kila wiki. Kwa maneno mengine, nilipewa kulea sikio la mwenzangu.

*

Mchana wa siku ile ile ya thelathini na moja niliwapima. Kipimo chenyewe ni rahisi. Mwanafunzi anaingia kwenye kibanda kisichopitisha sauti, anavaa hedifoni, anasikiliza muziki wa kawaida. Ndani ya muziki tumeficha vimlio, vya chini na vya juu, kulia na kushoto. Akisikia kimlio anabonyeza kitufe. Mimi nakaa nje ya kioo natazama mchoro unavyojichora.

Wa kwanza alikuwa Asifiwe. Mchoro wa kulia ukaenda sawasawa kama meza. Wa kushoto ukaenda vizuri mpaka hezi elfu tatu, kisha kwenye elfu nne ukatumbukia. Shimo. Baada yake ukapanda tena kana kwamba hapakutokea kitu.

Nikadhani kasinzia. Nikamleta wa pili, shimo hapo hapo. Wa tatu, wa nne. Nilipofika wa ishirini na moja nilikuwa na michoro ishirini na moja yenye shimo moja, kushoto, hezi elfu nne. Wiki za nyuma palikuwa na kibonde kidogo tu ambacho nilikidharau. Sasa kilikuwa kimechimbika.

Elfu nne si namba ndogo kwetu. Hapo ndipo zinapokaa ncha za konsonanti, ndipo mtu anapotofautisha neno na neno katika ukumbi wenye kelele. Mhandisi wa sauti asiyesikia hapo atajenga kumbi ambazo watu hawaelewani ndani yake, na atastaafu bila kujua kwa nini.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia hata dada yangu. Nilipouona mchoro wa ishirini na moja, nilifurahi. Maspika ya maharusini, nikasema moyoni. Miaka mitano amesimama mbele ya maspika, sikio lake la kushoto limetoboka, na majaji sita wamelichagua kwa makofi. Ndiyo maana anainamisha kichwa kulia. Anatafuta kusikia kwa lile zima.

Nilikuwa na siku nne za kusimamisha vibandiko, vijana wapumzike wiki moja, wawe salama. Kilichotakiwa ni kunyanyua simu tu.

Sikuinyanyua. Siku ya thelathini na saba ilikuwa Siku ya Wageni. Vyuo vingine vitatu vingekuja kutazama sikio-mama letu kabla ya kuamua kama nao walitumie. Nikimwambia Kyando leo, jambo litamalizwa ofisini kimya kimya, Tusa atapewa pole, na watu watanong'ona kwamba nimesema kwa wivu. Nikingoja, nitaomba mbele ya wageni wote kwamba mwenye sikio aingie kibandani. Na wanafunzi? Nikajiambia siku mbili tatu kupita kikomo si kitu, miongozo siku zote hutia chumvi kuogopa lawama. Mimi mwenyewe nimeandika miongozo, najua.

Kabla sijafunga maabara, Tusa akagonga. Alikuwa na vikombe viwili vya chai ya maziwa, akanipa kimoja kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nimeona uko hapa tangu saa saba, nikajua hujanywa kitu. Vipi, vijana wanaendeleaje?"

Daftari lilikuwa limefunguka mbele yangu, michoro ikiangalia dari. Nikaweka kiwiko juu yake.

"Wako sawa," nikasema.

"Kweli? Maana Asifiwe jana nilimwita kutoka upande huu," akagusa bega lake la kushoto, "hakuitika mpaka nilipomshika. Nikapata wasiwasi."

"Atakuwa amechoka. Wako sawa, Tusa."

Akashusha pumzi. Akasema, "Basi wewe ukishasema, mimi nalala." Akainamisha kile kichwa chake, akatabasamu, akaenda zake. Nilikunywa chai yote.

*

Siku ya Wageni maabara ilijaa. Kyando alivaa tai. Tusa alivaa gauni la kitenge na viatu vya kukopa, najua kwa sababu alikuwa anachechemea. Alieleza sikio-mama vizuri sana, alijibu maswali kwa upole, na mara mbili akasema, "Haya nimefundishwa na Dokta Hobokela Mwasandube aliyekaa pale," na wageni wakageuka kunitazama. Kila alivyozidi kunitaja ndivyo roho ilivyozidi kuniuma, kwa sababu niliona ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alipomaliza nikanyoosha mkono.

"Profesa, kabla wageni wetu hawajaamua, nadhani ni haki waone usikivu wa mwenye sikio. Kipimo kamili, hapa hapa."

Kyando akakunja uso. Tusa akasema hana neno, akavua hereni, akaingia kibandani. Nilianza na kipimo cha hospitalini, kisicho na muziki, kimlio kimoja kimoja katika ukimya, maana nilitaka shimo lionekane safi, bila visingizio.

Mchoro wa kulia ukanyooka. Wa kushoto ukaanza. Elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Nikapandisha uso ili niwaone wageni wakati linatumbukia. Elfu nne. Kitufe kikabonyezwa. Nikapunguza sauti, kikabonyezwa tena. Nikapunguza mpaka karibu na mwisho wa mashine, na bado Tusa akabonyeza. Sikio lile lilikuwa zima kuliko la mtoto.

Wageni wakanong'ona kwa kuridhika. Na hapo, kama kulikuwa na mtu wa kuliacha jambo lile lipite, alikuwa yeye. Lakini kipaza sauti cha kibandani kikaita.

"Mwalimu, hiki sicho kipimo unachowapima vijana. Niwekee na muziki, kama wao."

Nikaweka muziki. Na kwenye elfu nne, kushoto, vimlio vikapita kimoja baada ya kingine bila kitufe kuguswa. Shimo likachorwa mbele ya macho ya wote, lile lile, kana kwamba nimelinakili kutoka kwenye daftari.

Tusa akatoka, akautazama mchoro kwa muda mrefu. Sikio zima, mazoea mabovu: akitegeshwa kwenye ukimya anasikia, akiachiwa asikilize kwa kawaida yake, akili inaitupa sauti ile kabla haijamfikia.

"Nilijifunza wapi kutokusikia hapa?" akajiuliza kwa sauti. Kisha akasema polepole, "Kinzi."

"Kinzi gani?" Kyando akauliza.

"Kuna kitu kinalia M4, upande wa kushoto. Chembamba. Nilikisikia mwaka wa kwanza, kikanitesa, nikamuuliza Mwalimu." Alikuwa anazungumza na Kyando lakini ananitazama mimi, bila ubaya wowote. "Akaniambia hakuna kitu, nisikilize muziki. Nikauliza tena, darasa likanicheka. Nilitaka sana niwe kama yeye, Profesa. Nilikaa naye mazoezi ya sauti miaka minne. Chochote alichokisikia nilikisikia, na alichokiacha nilikiacha. Hata hivi ninavyoinamisha kichwa, si kwangu. Ni kwake."

Nilitaka kusema kwamba mimi siinamishi kichwa. Nikagundua kwamba kimeinama.

Ukutani nyuma yangu palikuwa na cheti changu cha usikivu, kwenye fremu, mchoro umenyooka pande zote mbili. Chuo kinadai upimwe kila Januari, na mpimaji wa chuo ni mimi. Mwaka wa kwanza nilijipima. Mwaka wa pili nilikuwa na kazi nyingi, nikachukua mchoro wa mwaka uliotangulia nikabadili tarehe. Nikaona ni rahisi. Mchoro ule uliokuwa ukutani ulikuwa wa mwanamke wa miaka thelathini na mbili.

Hakuna aliyeniamuru. Niliinuka nikaingia kibandani, nikavaa hedifoni, nikamwonyesha Tusa kwa kidole akae kwenye mashine.

Vimlio vikaanza, bila muziki, nikabonyeza. Kulia salama. Kushoto elfu moja, mbili, tatu. Halafu ukimya. Nikasubiri. Nikadhani Tusa amesita, au kuna waya umechomoka. Nikageuka nimtazame kupitia kioo ili nimwambie aendelee, nikaona kidole chake kiko kwenye kitufe cha kupandisha sauti, kinabonyeza, kinabonyeza tena. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nyuma yake mgeni mmoja alikuwa ameziba masikio kwa sababu mlio ulikuwa unavuja hadi nje ya kibanda.

*

Kyando akawapeleka wageni kunywa chai. Tukabaki wawili. Tusa akavuta kiti akakaa karibu yangu, upande wa kulia, na nikajua tayari ameshaanza kunitunza.

"Hawajaelewa vizuri," akasema. "Tunaweza kuandika kwamba hitilafu ni ya vibandiko. Mimi nitasema tulikosea wakati wa kunakili sikio langu. Bado mimi ni kijana, litapita. Wewe umebakiza miaka minne tu."

"Kwa nini ufanye hivyo?"

"Mwalimu, unaniuliza kweli?"

Akavuta daftari la vipimo ili aone pa kuandika. Nilimwona anafungua kurasa. Ningeweza kuunyoosha mkono nikalichukua. Akafika ukurasa wa siku ya thelathini na moja, akasoma tarehe, akahesabu kwa vidole, akarudi kwenye tarehe.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua kuna shimo. Nilidhani ni lako."

"Nilikuja na chai. Nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unawasubiri wageni."

"Ndiyo."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako, Tusa. Nilikuwa na wivu."

Kisha akalifunga daftari akaliweka mapajani mwangu, taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto aliyelala.

"Sikio ningelifunika," akasema. "Nililipenda. Hili la tarehe siwezi, Mwalimu. Wale ni watoto wa watu."

Nikamwambia simwombi. Mchana ule ule nilikwenda kwa Kyando nikamweleza yote, kuanzia cheti hadi chai. Vibandiko vikatolewa vyote kabla ya saa kumi.

*

Wiki ya mapumziko ilikwisha, nikawapima tena kwa mara ya mwisho, Tusa akiwa ameketi kando yangu kama shahidi. Kwa wanafunzi kumi na saba shimo lilikuwa limejaa. Kwa wanne halikujaa. Asifiwe alikuwa mmoja wao. Nilirudia kipimo chake mara tatu, na mara ya tatu akaniambia kupitia kipaza sauti, kwa adabu, kwamba yuko tayari vimlio vikianza.

Kesho yake nikaingia M4. Sikupiga kofi. Niliwaambia nilichokijua, nilikijua lini, na kwa nini nilinyamaza. Nililitaja neno wivu, kwa kuwa Tusa alikuwa amesimama mlangoni na nilitaka alisikie likisemwa mbele ya watu kama nilivyompongeza mbele ya watu. Niliwaambia kwamba barua yangu ya kuacha kazi iko kwa Profesa Kyando. Asifiwe hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Bi Sekela," nikasema, "nakuomba radhi. Tuonyeshe kinzi chako."

Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kushoto, akanyoosha kidole juu, kwenye kisanduku cha taa cha zamani kilichowekwa hata kabla sijaajiriwa. Nilikuwa nimekaa chini yake miaka ishirini na sita.

Tusa akavua viatu, akapanda juu ya kiti, akaishika swichi. Akanigeukia.

"Tayari, Mwalimu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akazima.

Chumba kizima kikabadilika, naambiwa. Niliona mabega yakishuka. Niliona Bi Sekela akifumba macho, na kijana mmoja wa nyuma akisema "alaa" kwa sauti ya chini, na watu kumi na wanane wakiinua vichwa kwa pamoja kuusikiliza ukimya ambao sikuwahi kuwapa.

Tulibaki watano. Asifiwe, wenzake watatu, na mimi, tukiwatazama usoni wale wengine ili tujue kama kinzi kimenyamaza.